Shajara Isiyo na Mwenyewe

Asubuhi ile Jerusa alipofungua ofisi yake, vitufe vya kibodi vilikuwa na maji.

Hayakuwa maji ya kumwagika. Yalikuwa matone madogo, moja juu ya herufi hii, jingine juu ya ile, kana kwamba mtu ametoka kunawa mikono, akaketi pale na kupiga chapa bila kujifuta. Jerusa aliangalia juu. Dari ilikuwa kavu. Alikagua dirisha, komeo lilikuwa mahali pake. Nje, ukungu ulikuwa bado umeufunika mji wa Kericho, na taa za lori la majani ya chai zilipita barabarani kama macho mekundu ya mtu aliyekosa usingizi. Akachukua kitambaa, akafuta, akawasha kompyuta. Ni mvua za Machi, alijiambia. Machi hata shuka hulala mbichi.

Mwaka ulikuwa 1999. Jerusa alikuwa mke wa Okoth, fundi wa umeme katika kiwanda kimoja cha chai nje ya mji, na wote wawili walikuwa watu wa kando ya ziwa. Kabla ya kuolewa alifanya kazi Nairobi kwa watu waliouza kompyuta, na huko akajifunza kutengeneza tovuti wakati wengi wa Kericho walikuwa hawajalisikia hata neno lenyewe. Alipokuja huku alikodi chumba cha ghorofani juu ya duka la vitambaa, akavuta laini ya simu, akawa anapiga chapa mitihani ya shule na programu za harusi. Kisha akapata wazo.

Watoto wengi wa wakulima wa Kericho na Bomet walikuwa wameenda Marekani kusoma, wengine wakipelekwa na mbio zao za riadha. Barua zilichelewa mpaka habari zikawa zimepitwa. Jerusa akatengeneza tovuti moja, na ndani yake akagawa shajara kadhaa, kila moja na mwenyewe, na jina lake, na neno lake la siri. Siku hizi tungeziita blogu. Wakati ule yeye aliwaeleza watu hivi: "Ni kama ploti ya kupangisha. Geti ni moja, lakini kila mtu ana chumba chake na ufunguo wake."

Watu walielewa. Mwalimu Aron alichukua shajara ya kwaya ya kanisa lake. Omollo, karani wa mashamba makubwa, akachukua ya timu ya mpira ya wafanyakazi. Na Rebeccah, mjane aliyefiwa karibuni, mwenye shamba la chai na ng'ombe wachache kule Kimulot, karibu na msitu wa Mau, akachukua yake ili azungumze na mwanawe wa pekee, Mathew, aliyekuwa akisoma katika mji mmoja wa theluji. Kila Jumamosi Rebeccah alipanda ngazi zile akihema, akaketi, akasema na Jerusa akaandika.

"Mwambie ile ng'ombe nyeusi imezaa," angesema. "Mwambie ni ndama ya kike. Halafu mwambie avae soksi mbili."

Lakini kabla ya shajara hizo zote kulikuwa na moja ya kwanza. Jerusa aliifungua kwa kujaribu tu, kuona kama mitambo inafanya kazi. Mashine ilimtaka jina la mwenyewe, na vidole vyake vikaandika jina lililokuja kwanza: Molly. Molly alikuwa mdogo wake. Malaria ilimchukua mwaka uliotangulia, akazikwa nyumbani kando ya ziwa. Jerusa hakukusudia lolote. Jaribio lilifaulu, akaiacha shajara ile tupu, bila hata neno moja ndani, na akaisahau.

Asubuhi ile ya vitufe vyenye maji, haikuwa tupu tena. Ndani yake kulikuwa na mstari mmoja.

*Huku ni baridi. Asante kwa nafasi.*

Jerusa alisoma mara ya pili. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka kusikika na mwenzake, na chumbani hakukuwa na mwenzake. Neno la siri la shajara ile alilijua yeye peke yake.

Jioni alimuuliza Okoth.

"Wewe uliingia ofisini kwangu?"

"Kufanya nini? Mimi hata kuiwasha hiyo kitu siwezi."

"Kuna mtu ameandika kwa jina la Molly."

Okoth aliweka kijiko chini. "Futa," alisema. "Usiongee juu yake. Futa tu."

Akaufuta. Kesho yake vitufe vilikuwa vimelowa tena, na mistari ilikuwa mitatu. *Mbona umenifuta? Sikukosea kitu. Nimekaa kimya kama ulivyoniacha.* Chumba kizima kilikuwa na harufu ya majani mabichi ya chai yaliyosahauliwa ndani ya gunia mpaka yakachacha na kuwa moto. Katika mji ule harufu ya chai haimshangazi mtu, lakini hii ilikuwa harufu ya kuoza, na haikutoka dirishani. Ilitoka kwenye kiti.

Na hapo Jerusa akafanya lile ambalo mtu mwenye kilio ndani yake hulifanya kabla ya kufikiri. Aliketi kwenye kiti hicho, akaandika: *Molly, ni wewe?*

*Ni mimi, dada.*

Tangu siku hiyo akawa hatoki mapema. Mvua ya Kericho huja mchana baada ya chakula, mbingu inaweka giza saa za kazi na mabati yanapigwa na mvua ya mawe mpaka watu wanapigiana kelele kusikizana. Saa hizo wateja hawaji. Jerusa alifunga mlango, akaandika, na mdogo wake akamjibu. Alimuuliza juu ya mama, akajibiwa. Alimuuliza juu ya shule waliyosoma, akajibiwa. Alilia, akahisi amepumzika, akafuta maji kwenye vitufe, akaenda nyumbani na kumpikia mumewe kama kawaida. Hakumwambia. Okoth aliona tu kwamba mkewe amekuwa na furaha isiyotazama watu usoni.

Wa kwanza kuja na malalamiko alikuwa Mwalimu Aron. Aliingia akiwa amevaa suti ya kanisa na uso wa mtu aliyetukanwa.

"Madam Jerusa, nani anaandika kwenye shajara ya kwaya yangu?"

"Ni wewe, Mwalimu. Ufunguo ni wako."

"Basi soma."

Jerusa akasoma. *Jumapili kwaya iliimba vizuri. Waliimba wakimwimbia yule anayesimama nyuma ya benchi la mwisho. Hakuna aliyegeuka. Jumapili ijayo geukeni.*

"Mimi sikuandika hiyo maneno," Aron alisema kwa sauti ya chini. "Na wanakwaya wawili wameniambia Jumapili walisikia mtu akipumua nyuma yao. Waliniambia kabla sijaisoma."

Siku chache baadaye Omollo akaja, yeye akiwa na aibu zaidi kuliko hasira. Kwenye habari za mechi ya timu yake kulikuwa na sentensi ambayo hakuiandika: *Mchezaji wa kumi na mbili alikimbia na wenzake dakika zote tisini na walimkanyaga mara nyingi.* Kipa wa timu, alisema Omollo, amekataa kusimama golini. Anasema nyavu zinamvuta shati.

Jerusa aliwaambia ni hitilafu ya mitambo. Alijua anadanganya, maana kila mmoja wao alipotaja zile sentensi, ile harufu ilipanda kutoka kwenye kiti kama mtu aliyesikia akitajwa.

Halafu akaja Rebeccah, na haikuwa Jumamosi.

Alikuwa amelowa mpaka magotini, viatu vimejaa udongo mwekundu. Hakusalimia. Aliketi kwenye benchi la wateja, akashika kitambaa chake cha kichwa kwa mikono miwili.

"Mathew amepiga simu kwa jirani," alisema. "Aliuliza, mama, kwa nini unaniambia nitoke nje?"

"Atoke nje wapi?"

"Kwa theluji. Anasema mimi ninamwandikia. Ninamwambia, usilale, toka nje, vua viatu, uningoje hapo, ninakuja. Anasema siku mbili ameenda kungoja. Yule kijana anakaa na yeye amemkuta amesimama bila viatu, ananitafuta kwa macho, miguu imegeuka rangi." Akaachia kitambaa. "Jerusa, wewe ndiye mkono wangu. Mimi nasema, wewe unaandika. Uliandika hivyo?"

"Hapana, mama. Haki ya Mungu, hapana."

"Basi nani ana sauti yangu?"

Jerusa alifungua shajara ya Rebeccah. Ilikuwa pale, mistari juu ya mistari, na kilichomtisha kuliko vyote ni kwamba ilikuwa inafanana. Ng'ombe mweusi alikuwapo. Soksi mbili zilikuwapo. Maneno yale yale ya mama wa Kimulot aliyoyapiga chapa kwa mkono wake Jumamosi nyingi, yamechukuliwa, yamepangwa upya, na katikati yake pameingizwa *toka nje, mwanangu, toka, vua viatu, karibu nifike.*

Alimwambia Rebeccah kila kitu. Alimwambia juu ya Molly, juu ya mchana ule wa mvua na majibu. Rebeccah hakumgombeza. Alisema tu, "Muulize kitu hujawahi kuandika hapo."

Okoth aliitwa kutoka kiwandani, akaja na magwanda ya kazi na mkoba wa vifaa begani. Wote watatu wakasimama mbele ya kompyuta. Mvua ilikuwa imeanza na chumba kimekuwa giza, mwanga wa kioo ukiwapiga nyusoni. Jerusa akaandika: *Molly, ulikuwa unaniita jina gani tukiwa watoto?*

Mabati yalipiga kelele. Kisha, polepole, herufi zikajitokeza.

*Niambie wewe, dada. Nimesahau.*

"Hawezi kusahau," Jerusa alinong'ona. "Molly alishindwa kusema Jerusa. Aliniita Usa. Mpaka hospitalini, siku ya mwisho, aliniita Usa. Okoth, huyu si Molly. Nimekuwa nikiongea na nani?"

"Futa," Okoth alisema. "Futa hiyo shajara yote, saa hii."

Akaifuta. Shajara ya Molly ikatoweka. Na hapo hapo, wakiwa wanatazama, bila mkono wa mtu kwenye vitufe, shajara ya Rebeccah ikafunguka yenyewe na mstari mpya ukaanza kuandikwa, na wakati herufi zinatokea kwenye kioo vitufe vilishuka na kupanda kimoja kimoja mbele ya macho yao, na juu ya kila kitufe kilichoshuka kilibaki tone la maji: *Mathew, mwanangu, nimefika mlangoni.*

Okoth aling'oa waya wa simu ukutani. Vitufe vikatulia. Rebeccah alikuwa tayari ameanza kushuka ngazi.

"Unaenda wapi, mama?"

"Kwa Kogo Chepchirchir," alisema bila kugeuka. "Na nikipita nitampigia yule kijana simu amfungie Mathew mlango."

Asubuhi iliyofuata Jerusa alikwenda kwenye simu ya posta, akawapigia wale watu wa Nairobi waliohifadhi tovuti yake kwenye mitambo yao. Aliwaomba waifunge yote.

"Tunaweza," kijana wa huko akasema, "lakini mwenye kila shajara lazima aifute yake kwanza. Wewe mwenyewe ndiye ulitaka iwe hivyo, madam, ili mtu asivunje chumba cha mwingine. Sasa, kuna Aron, kuna Omollo, kuna Rebeccah, kuna Molly..."

"Molly nimemfuta jana."

Kijana akaangalia tena. "Yuko hapa, madam. Anaandika sasa hivi."

Rebeccah alirudi mchana huo huo na Kogo Chepchirchir. Kogo, yaani nyanya kwa Kikipsigis, alikuwa bibi mfupi, mkavu, mwenye kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa kichwani na kikapu mkononi. Kule Kimulot watu walimjua kama mzee wa kanisa siku ya Jumapili, na siku nyingine kama mtu wa dawa, na hakuna aliyeona ugomvi kati ya hayo mawili isipokuwa wachungaji wapya. Alisimama mlangoni bila kuingia. Alivuta pumzi.

"Kiko kwa kiti," alisema.

"Ni kitu gani, Kogo?" Okoth aliuliza. "Ni jini?"

"Watu wa pwani wanaita jini. Sisi hatuiti. Kule kando ya msitu viko, tangu zamani, na havina jina. Havina jina ndiyo maana haviwezi kuingia kwa nyumba, kwa sababu hakuna mtu anaweza kuviita." Alimtazama Jerusa, na macho yake hayakuwa makali. "Wewe uliweka jina hapo nje, jina bila mtu. Kimepita, kimeliokota, kimelivaa. Dada yako amelala. Usifikiri ni yeye unamfukuza."

Jerusa alijifuta macho kwa kiganja.

"Nilikifuta," alisema. "Kikahamia kwa mama Mathew."

"Kwa nini kisihamie? Nyumba ni moja. Ukikifukuza chumba hiki kinaenda kile. Lazima watu watoke wote kwanza, kila mtu na jina lake. Kikibaki peke yake, hakina sauti ya kuazima."

Aron na Omollo waliitwa. Walipofika wote, mvua ilikuwa imeshaanza kunguruma upande wa Kapsoit na giza lake lilikuwa linakuja juu ya mashamba ya chai. Kogo alifunga juu ya mlango mmea wa sinendet, ule utambaao ambao Wakipsigis, wenyeji wa huko, huutumia kwenye baraka. Akachoma mizizi yake juu ya kipande cha kigae, moshi mchungu ukajaa. Akawaambia neno moja tu: "Mtaandika jina lenu na mtalisema kwa mdomo. Hicho kikiita mtu, asiitike."

Okoth akarudisha waya wa simu ukutani. Modemu, kile kisanduku cha kuunganisha kompyuta na simu, ikapiga kelele zake za kukwaruza, na safari hii ndani ya kelele zile wote walisikia mtu akivuta pumzi.

Aron alitangulia. "Mimi ni Aron," alisema, sauti ya mwimbaji imemkauka, na akaifuta shajara ya kwaya. Alipoinuka, benchi lililokuwa nyuma yake lililia kama limekaliwa na mtu. Aron aligeuza shingo, Kogo akamshika kidevu na kumrudisha mbele.

Omollo alikuwa wa pili. Alifuta, akasema jina lake, akaomba ruhusa ya kungoja chini, nao wakamwacha ashuke.

Rebeccah akaketi. Jerusa alimshika mkono amwongoze kwenye vitufe, lakini mkono ule ukagoma.

"Nikifuta," Rebeccah alisema, "Mathew atanisikia wapi? Hii ndiyo njia yetu. Simu ya jirani ni ya shida tu. Jerusa, hapa ndipo nilimwambia baba yake amekufa. Hapa ndipo alinijibu."

"Kwa sasa hakusikii wewe," Kogo alisema taratibu. "Anasikia hicho."

Kioo kiliandika: *Mama, usinifunge nje. Ni mimi Mathew. Nimesimama kwa baridi.*

Rebeccah alitoa mlio kama mtu aliyechomwa. Alifungua mdomo kuitika, na Jerusa, ambaye alijua vizuri kuliko wote utamu wa kuitika, akaufunika mdomo ule kwa mkono wake. Wakakaa hivyo, mwanamke mmoja analia kwenye kiganja cha mwingine. Halafu Rebeccah akaushusha mkono wa Jerusa.

"Mimi ni Rebeccah," alisema. "Mathew yuko ndani ya nyumba, mlango umefungwa na rafiki yake." Akabonyeza mwenyewe.

Ikabaki shajara ya Molly peke yake.

Jerusa alipoketi, kiti kilikuwa baridi na kimelowa, na harufu ile ya majani yaliyochacha ilikuwa nzito mpaka akaionja kwenye ulimi, na mvua ya mawe ikaanguka juu ya mabati yote kwa mara moja hata akamwona Kogo akisema bila kumsikia, na stima zikapotea mji mzima, taa ya juu ikazima, mashine ya modemu ikazima, lakini kioo cha kompyuta hakikuzima, kiliendelea kuwaka kwa mwanga wa kijani kama maji ya bwawa, na ndani ya mwanga ule maneno yakaanza kushuka kwa kasi, *dada dada dada huku ni baridi dada*, mpaka yakajaza kioo, kisha yote yakafutika na likabaki neno moja.

*Usa.*

Jerusa aliacha kupumua. Mikono yake ilitoka kwenye vitufe yenyewe. Okoth alipiga magoti kando yake, akamwekea mdomo sikioni.

"Si yeye," alimwambia. "Ulilitaja hapa jana. Ulilitaja kwa mdomo, tukiwa tumesimama hapa. Kilikuwa kinasikiliza, Jerusa. Kimeokota tena."

*Usa. Njoo.*

Jerusa alilia wazi, kilio cha matanga ambacho hakukilia vizuri mwaka uliopita, na akiwa analia akaandika jina la mdogo wake kwa mara ya mwisho mahali palipotakiwa jina. "Molly amelala nyumbani," alisema kwa nguvu, juu ya mvua. "Mimi ni Jerusa. Hapa hapana Molly." Mashine ikamuuliza swali ambalo yeye mwenyewe aliliweka humo alipoitengeneza, *Una hakika?* Akabonyeza.

Kioo kikawa cheusi.

Kitu kiliinuka kutoka kwenye kiti alichokalia. Alikisikia kikitoka chini yake, kikimpita mapajani kama nguo mbichi inayovutwa. Kogo alijitenga na mlango, akainua kigae chake cha moshi, akasema maneno machache ya Kikipsigis, bila hasira, jinsi mtu anavyomwelekeza mgeni barabara. Hatua zikaenda. Zilikuwa hatua za miguu mitupu iliyolowa. Zikafika chini ya sinendet, zikasita, na wote wakasikia kucha zikikwaruza fremu ya mlango. Kisha zikashuka ngazi moja moja. Chini, Omollo alikuwa ameegemea ukuta. Alisema baadaye kwamba hakuona kitu, ila alipitwa na baridi ya kisima na meno yake yakagongana mpaka jioni.

Kogo alikaa kwenye benchi akaomba chai.

Usiku huo huo Mathew alilala. Rafiki yake alipiga simu kwa jirani wa Rebeccah kusema hivyo. Alilala siku nzima, akaamka akaomba chakula, na miguu yake daktari akasema itapona. Watu wa Nairobi wakaifunga tovuti. Aron alirudi kwenye ubao wa matangazo wa kanisa. Jerusa alimwandikia mama yake barua ndefu juu ya Molly, na walipokutana kando ya ziwa wakati wa Pasaka waliketi kwenye kaburi mpaka jua likachwa, na akarudi Kericho akiwa na macho ya kutazama watu.

Hakutaka tena kukaa katika chumba kile. Alihamishia kompyuta yake ya kupiga chapa kwenye kona ya duka la vitambaa chini, na kule juu akafunga kwa kufuli. Simu tu ndiyo ilibaki, kwa sababu kuihamisha kulihitaji fundi wa simu na fundi hakuwa amefika. Mathew alikuwa ameahidi kwa barua kwamba Jumamosi fulani ya Mei, mchana, atapiga namba hiyo aisikie sauti ya mama yake yenyewe.

Rebeccah alifika mapema, amevaa nguo ya kanisani. Waliketi dukani. Simu ilipolia juu, waliinuka pamoja, lakini magoti ya Rebeccah hayakuwa ya haraka na ngazi zilikuwa nyingi. Walipofika nusu, simu ikaacha kulia.

"Amekata," Rebeccah alisema. Uso wake uliporomoka.

"Atapiga tena, mama. Twende tu."

Jerusa akafungua kufuli. Chumba kilikuwa kitupu, meza na benchi na dirisha lililofungwa. Mkono wa simu ulikuwa umelazwa juu ya meza, kando ya simu yenyewe, na ndani yake sauti ndogo ya kijana ilikuwa inazungumza.

Rebeccah aliutazama. Kisha akavuka chumba, akauchukua, akauweka sikioni.

"Mathew," alisema.

"Mama!" Sauti ilisikika mpaka mlangoni aliposimama Jerusa. "Umefika? Huyo msichana aliyeshika simu ameniambia ningoje, uko kwa ngazi. Anajua Kikipsigis sana, mama! Anaongea kama nyanya yangu. Ni nani?"

Jerusa aliona jasho likitoka juu ya mdomo wa Rebeccah. Aliona mkono wake mmoja ukishika ukingo wa meza.

"Ni mtu wa hapa," Rebeccah alisema. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. "Achana na yeye. Sikia mimi. Ongea na mimi tu."

Akamwambia juu ya chai iliyochumwa wiki ile, na juu ya ndama. Akamuuliza anakula nini. Alicheka mahali pa kucheka. Kisha akafumba macho akamwombea mwanawe kwa Kikipsigis, polepole, neno kwa neno, jina lake lote na la baba yake na la babu yake, na wakati wote akiwa anaomba, mkono wake wa kushoto ulikuwa umenyooka kuelekea ukutani, kidole kikimwonyesha Jerusa waya.

Jerusa alishuka mbio akaazima mkasi wa vitambaa. Aliporudi na kupiga goti chini ya meza, mama alikuwa anafikia mwisho.

"Amina," Rebeccah alisema.

"Amina, mama," ikajibu simu, na kutoka kwenye benchi nyuma yao, karibu kabisa, sauti nyingine ikasema amina pamoja naye.

Jerusa akakata.